Mzee ana sukari, au ni uzee tu?

Zamani hatukusikia wazee wana kisukari. Mbona siku hizi karibu kila ukoo una mmoja?

Walikuwepo, ila hawakupimwa, na wengi hawakufika umri huo. Kisukari cha aina ya pili huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Sukari tunayoipata kwenye chakula, sehemu kubwa huishia kwenye misuli. Mzee misuli yake imepungua, na kongosho nalo limechoka kutoa insulini, homoni inayoingiza sukari hiyo kwenye misuli. Juu ya hayo weka kitambi, bodaboda hadi dukani na soda kwenye kila shughuli. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba kanda yake ya Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawajijui. Ifikapo 2045, kwa makadirio hayohayo, watakuwa milioni 55.

Baba ana miaka 72. Hakojoi sana wala halalamiki kiu. Si yuko salama?

Si lazima. Uzeeni kiu hufifia hata mwili ukikaukiwa maji, na figo za mzee huchelewa kumwaga sukari kwenye mkojo. Kwa hiyo zile dalili tulizozizoea huenda zisionekane. Utakachokiona ni kukonda, uchovu, macho yenye ukungu, kidonda kisichofunga, kuangukaanguka. Nyumbani watu husema "uzee huo", na mwaka unapita. Mpelekeni akapimwe kabla hajala. Sukari ikisoma 7.0 au zaidi (kwa kipimo cha mmol/L, kama namba zote za sukari hapa) na hana dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine ndipo aambiwe ana kisukari.

Mama mkwe anatumia vidonge. Tunajitahidi sukari yake iwe chini kabisa. Tunakosea?

Mnakosea, tena kosa hili linanitisha kuliko lile la kupanda kidogo. Kupanda huharibu taratibu, kwa miezi na miaka. Kushuka kunaweza kumwangusha bibi kabla chai haijachemka. Na mara nyingi huanza hivyohivyo: kameza kidonge alfajiri, mkamwana kaenda sokoni, chai imechelewa, naye hataki kusumbua mtu. Saa nne anamwita mjukuu kwa jina la marehemu mumewe. Watu wanadhani amechanganyikiwa, kumbe sukari iko 2.8.

Kijana angetetemeka na kutoka jasho. Mzee huenda asionyeshe lolote zaidi ya maneno yasiyoeleweka au usingizi wa ajabu. Kati ya dawa za kushusha sukari, vidonge vya glibenclamide ndivyo vya kuangaliwa zaidi, maana hukaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa dhaifu.

Sukari ikiwa chini ya 4, au mna wasiwasi na mashine haipo, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida (ile isiyo na sukari haitasaidia kitu). Baada ya dakika 15 pimeni tena, kisha ale chakula. Akiwa hawezi kumeza, msimmiminie chochote mdomoni. Hospitali moja kwa moja. Siku ya kliniki mwulizeni daktari: kwa umri na hali yake, sukari yake iishie wapi? Mzee dhaifu hulegezewa kiwango, hapangiwi cha mtu wa miaka 40.

Afunge Ramadhani?

Wengine wanaweza, wengine hapana. Anayechoma insulini, mwenye figo mbovu au ambaye sukari yake hushukashuka amwone daktari mwezi mmoja kabla, dawa zipangwe upya. Akifunga, apime mchana. Masheikh wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi swaumu. Ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.7, afungue papo hapo.

Na miguu?

Mjukuu mwenye macho mazuri apewe kazi hiyo kila jioni: nyayo, visigino, katikati ya vidole. Ganzi humfanya mzee atembee na msumari ndani ya kandambili asijue. Kucha zikatwe na anayeona, kwa mstari ulionyooka, bila kuchimba pembeni. Asiote miguu kwenye jiko la mkaa. Na maji ya kumwoshea yapimwe kwa kiwiko chako, si kwa mguu wake.