Barafu inayoning'inia kwenye ukingo wa paa

Mdogo wangu anayeishi Montréal alinitumia picha ya nyumba anayopanga: vijiti vya barafu vyenye urefu wa mkono vilining'inia kwenye ukingo wote wa paa, naye akaviona kuwa pambo. Mimi ninayejenga mapaa na kuweka plafo, yaani dari, hapa Lubumbashi niliona joto analolilipia kila mwezi likitoka nje.

Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, theluji haiyeyushwi na hewa hiyo. Ikiwa maji yametiririka usiku wa namna hiyo, yamepashwa kutoka chini: hewa ya vyumbani hupanda, hupenya kando ya taa, mabomba na kifuniko cha kupandia darini, kisha huzipasha mbao za paa, na theluji inayozigusa huyeyuka. Maji huteremka chini ya theluji iliyobaki, ambayo kwa kujaa hewa ni blanketi zuri, mpaka kwenye ukingo uliotokeza nje ya ukuta. Chini ya ukingo huo hakuna chumba wala joto, kwa hiyo huganda tone juu ya tone. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu huhitaji takriban kilojuli 334, joto linalotosha kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Kila kijiti, basi, ni birika la chai lililopotea.

Jua nalo huyeyusha, hasa upande wa kusini, kwa hiyo nilimwomba atazame upande wa kaskazini na paa la jirani. La jirani lilikuwa jeupe kote, yaani theluji yake haikuyeyuka. Nikamwambia mwenye nyumba azibe nyufa kwanza, ndipo aongeze pamba ya kioo ya kuzuia joto. Kuvunja vijiti kwa nyundo hakupunguzi chochote.

Huku kwetu hakuna theluji, lakini Juni na Julai usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, mbingu ikiwa wazi, na manjanja, yaani mabati ya paa, hupoa kuliko hewa yenyewe. Mvuke wa sufuria ya bukari (ugali) na pumzi za waliolala hupita kwenye plafo, hugusa bati na kuwa matone. Asubuhi naitwa kuziba paa linalovuja, ilhali mvua ilikatika tangu wiki nyingi. Misumari siigusi, napanda na tochi, nikianzia kwenye tundu la waya wa taa.