Umahiri wa karani wa masijala huonekana kwenye jalada

Kwenye usaili wa kazi za masijala, yaani ofisi inayotunza majalada na kumbukumbu, wengi hujieleza kwa sifa: mchapakazi, mwaminifu, ninajituma. Sifa hizo hazipimiki. Kinachopimika ni barua iliyoingia leo: ikitafutwa baada ya miezi sita, nawe uko likizo, je, mwenzako ataipata?

Barua ikifika, kwanza hesabu viambatisho. Kama imetaja vitatu na bahasha ina viwili, andika upungufu huo palepale, maana kesho utaambiwa umekipoteza wewe. Gonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, pasipo kufunika saini wala kumbukumbu namba. Kisha jaza rejista ya barua zinazoingia: tarehe ya kupokelewa, tarehe ya barua, kumbukumbu namba, ilikotoka, inahusu nini, na jalada ilimowekwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo huachwa wazi mara nyingi, nayo ndiyo itakayohitajika. Bahasha yenye alama ya SIRI usiifungue. Ipeleke ilivyo kwa afisa aliyeidhinishwa.

Kuchagua jalada ndiko kunakotenganisha karani na karani. Isome barua yote. Kichwa chaweza kusema "Yah: Ombi la likizo", kumbe aya ya tatu inadai malimbikizo ya mshahara. Kabla ya kufungua jalada jipya, pitia orodha ya majalada yaliyopo. Majalada mawili ya jambo moja humfanya afisa aamue kwa kusoma nusu ya habari, na mwenye haki yake akaumia. Jalada la "Mambo Mengineyo" nalo lisigeuzwe jaa.

Ukishapata jalada, ipe barua namba ya folio inayofuata, yaani namba yake ya mfuatano ndani ya jalada, kona ya juu kulia, uifunge kwa mpangilio. Kwenye karatasi ya madokezo, ile ya kuandikiana maelekezo ndani ya jalada, andika kwa ufupi: "Folio 24 yahusika. Naomba maelekezo." Jalada likinenepa, kwa kawaida karibu folio 100, lifunge na ufungue sehemu inayofuata, ukionyesha kwenye kila moja kwamba nyingine ipo. Likilazimishwa, karatasi huchanika kwenye matundu na za chini hudondoka bila mtu kujua.

Jalada lisitoke masijala kabla ya kuandikwa kwenye rejista ya mwendo wa majalada. Hata hivyo hupotea, na sababu kubwa ni hii: afisa wa kwanza humkabidhi wa pili mkononi, masijala haiambiwi. Dawa yake ni kupita ofisi kwa ofisi, tuseme kila Ijumaa, ukiwa na orodha, na kusahihisha kwenye rejista mahali lilipo kila jalada ulilolikuta kwenye meza nyingine. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote ya umahiri, kwa sababu ni wachache wanaoifanya bila kuagizwa.

Nafasi ikiwa finyu, usichome kitu. Nchini Tanzania, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 haimpi karani mamlaka ya kuteketeza nyaraka za umma kwa uamuzi wake.

Basi ukiulizwa kwenye usaili, eleza tukio moja la kweli la kusaka majalada yaliyopotea: ulikuta hali gani, ulifanya nini hatua kwa hatua, majalada mangapi yalipatikana. Kama mengine hayakupatikana, taja idadi yake pia, na ulimwarifu nani kwa maandishi.