Bustani ya Mimea ya Asili ya Kupita Ndani: Chora Njia Kwanza

Bustani nyingi za maonyesho, zile zinazojengwa kwa muda kisha zikabomolewa, hutazamwa kutoka nje ya kamba. Hata Chelsea, London, ambako maonyesho ya bustani yamekuwa yakifanyika tangu 1913, mgeni wa kawaida huzitazama zile bustani kubwa akiwa pembeni; wanaoingia ndani ni majaji, wapiga picha na waalikwa. Mbunifu wa bustani ya aina hiyo ana pande mbili tatu za kuremba, basi. Ukitaka watu wapite ndani, hesabu inabadilika. Mmea hauna tena mgongo wa kuficha, na kila anayeingia anakuja na begi, simu mkononi, na pengine mtoto anayetaka kushika kila kitu.

Kwa hiyo huwa nachora njia kabla sijaandika jina la mmea hata mmoja. Wateja wengine huona nachelewa. Wanataka orodha ya maua, mimi nauliza watu wataingilia wapi na watatokea wapi.

Njia ya mita 1.2 inamtosha mtu mmoja, au kiti cha magurudumu, lakini hapo hakuna kupishana. Viti viwili vipishane, unahitaji kama mita 1.8, kimoja kigeuke, nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5. Mteremko ukizidi mita 1 kwa kila mita 20 za urefu, hiyo si njia tena, ni rampu, na itadai sehemu za kupumzikia. Kama kiwanja ni kidogo, nafanya njia iwe ya kwenda upande mmoja: mlango wa kuingilia huku, wa kutokea kule.

Kinachosumbua zaidi kuliko upana ni mahali watu wanaposimama. Husimama penye kibao cha maelezo, penye ua la ajabu, na penye kona. Ukiviweka vyote vitatu sehemu moja umetengeneza foleni kwa mikono yako. Pale ninapotaka watu wasimame napanua njia iwe kama kijukwaa, kibao nakirudisha ndani kidogo ili msomaji asimzibie anayepita. Kona nayo naipa mimea mirefu ili kinachofuata kisionekane mapema. Kiwanja kidogo kinajihisi kikubwa.

Kabla ya kujenga, chora njia ardhini kwa chokaa au ulaze mpira wa kumwagilia, kisha pitisha toroli iliyojaa. Halafu waambie watu wawili wapishane humo wakiwa na mabegi. Ramani hudanganya, toroli haidanganyi. Juu ya njia napenda changarawe iliyoshindiliwa na kufunikwa vumbi la mawe. Kokoto za mviringo zinapendeza kwenye picha, ila jaribu kusukuma kiti cha magurudumu juu yake: magurudumu ya mbele yanazama, na anayesukuma anaishia kukivuta kinyumenyume.

Sasa mimea. Shida ya mimea ya asili ni kwamba vitalu vingi havinayo, au vinayo michache, midogo, ya rika tofauti. Huwezi kuja wiki mbili kabla ya maonyesho ukanunue. Mkataba na kitalu ufungwe angalau mwaka mmoja mapema, na miti mapema zaidi. Kwenda kuchimba porini, sahau. Sheria za nchi nyingi zinakataza, na orkidi pamoja na karibu jamii yote ya shubiri ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaotumika tangu 1975. Isitoshe, mmea uliong'olewa umeacha sehemu kubwa ya mizizi yake ardhini. Utanyauka mbele ya wageni wako.

Kisha kuna suala la kuchanua. Baridi na kivuli huchelewesha matumba, nyumba ya kioo huyaharakisha, na kwa mimea inayofuata urefu wa mchana unaweza kucheza na taa. Natumia mbinu hizo kwa kiasi. Bustani ya asili ambayo kila kitu kimechanua siku moja ni uongo wenye rangi nzuri. Acha pia maganda ya mbegu, majani machanga, nyasi zilizoanza kukauka. Nyasi na mimea ya kujazia ichukue zaidi ya nusu ya eneo, maua yatokeze katikati yake kwa makundi yasiyolingana, kama yanavyoota yenyewe.

Lakini pori tupu halieleweki kwa mpita njia, ataona magugu. Dawa yake ni ukingo. Mstari wa mbao au mawe ulionyooka, njia iliyofagiwa, nyasi zilizokatwa sawasawa kandokando, na vurugu iliyo nyuma yake inasomeka kuwa imekusudiwa. Mwaka 2022 bustani iliyoshinda tuzo kuu Chelsea ilikuwa na mimea ya asili ya Uingereza na bwawa lililojengwa kwa mtindo wa biva, yule mnyama anayeziba mito kwa matawi, na bado watu walibishana kama ile ni bustani kweli.

Nusu mita ya kwanza kutoka njiani ni ya mimea mifupi inayovumilia kuguswa, hasa yenye majani ya kunukia. Miiba, na mimea yenye utomvu unaowasha kama jamii ya mnyaa, naiweka mbali na urefu wa mkono.

Wakati wa ujenzi, uliza kwanza kama kuchimba kunaruhusiwa. Viwanja vingi vya maonyesho vina nyaya na mabomba chini. Usiporuhusiwa, unajenga juu, na hapo uzito ni jambo la kuangalia: mita moja ya ujazo ya udongo wenye unyevu huweza kuzidi tani 1.5. Vilima navijaza mapalati (fremu za mbao za kupakilia mizigo) ndani, udongo unabaki juu tu. Mawe na miti huingia kwanza, halafu unapanga kutoka ndani kuelekea mlangoni. Mimea mingi hubaki vyunguni mwake, imefichwa kwa matandazo, mingine imelazwa kidogo ili uso wake uelekee njia. Vyungu hukauka haraka, kwa hiyo penyeza kidole chini ya matandazo kila alfajiri na umwagilie kabla mageti hayajafunguliwa, njia ipate muda wa kukauka.

Mahali mimea itakapokwenda baada ya maonyesho pawe pamejulikana tangu siku ya kuiagiza. Pawe ndani ya eneo ambalo spishi hizo ni za asili, maana mwenyeji wa bonde moja anaweza kuwa mvamizi kwenye jingine. Kila chungu kivae kitambulisho chenye jina la kisayansi, mbegu ilikotoka na anayekipokea. Wakati wa kubomoa, vile vilivyolazwa upande ndivyo vya kwanza kutoka, kabla shina halijaanza kujipinda kutafuta mwanga.