"Mwalimu, nataka ule muziki wa Wazungu"

Wiki hii pekee nimeambiwa hivyo mara tatu. Mwanafunzi anaketi, anapakata gitaa, anataka kantri, "ule wa Wazungu". Nimechoka. Atakayekuja tena na hilo atasoma haya kabla hajagusa uzi.

Banjo, ambayo ukiisikia tu unasema "hii kantri", iliundwa na Waafrika waliokuwa utumwani Karibi na Marekani, wakikumbuka ala za kwao. Itazame akonting ya Wajola wa Senegambia: kibuyu kilichowambwa ngozi, na uzi mfupi unaopigwa kwa gumba. Uzi mfupi wa banjo nao hupigwa kwa gumba. Wazungu walianza kuipiga kwa wingi katika karne ya 19.

Haya, Carter Family, kundi la mwanzo la kantri la familia moja ya Wazungu. A.P. Carter alipozunguka milimani kukusanya nyimbo alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi wa mguu mmoja. Carter aliandika maneno, Riddle akashika tuni kichwani, na Maybelle Carter alijifunza kwake upigaji. Hank Williams, yule nyota Mzungu wa kantri, je? Alifundishwa utotoni, huko Alabama, na Rufus Payne, Mweusi aliyepiga gitaa mitaani. DeFord Bailey, Mweusi pia, alikuwa nyota wa Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha kantri, kwa harmonika yake (kinanda cha mdomo) hadi alipofukuzwa mwaka 1941. Jumba la Heshima la kantri lilimkumbuka 2005, akiwa amefariki tangu 1982.

Kilichowaficha Weusi hawa ni rafu za duka. Miaka ya 1920 kampuni za santuri ziliuza Weusi upande wao na Wazungu wa milimani upande wao, hata kama walipiga wimbo uleule. Nyinyi mnaendelea kusoma lebo ya muuzaji.

Mengine ni ya haraka. Kantri haikuzaliwa Nashville, mji unaohusishwa nayo: mpiga fidla Fiddlin' John Carson alirekodiwa Atlanta 1923, na Carter Family na mwimbaji Jimmie Rodgers wakarekodiwa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, 1927. Kofia za wachunga ng'ombe? Zilienezwa na filamu za miaka ya 1930, za kina Gene Autry. Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli. Lile gitaa linalolia kwa kutelezesha chuma ni la Hawaii. Na tafadhali, weka plektra (kile kibapa cha kukwanyulia nyuzi) mfukoni miezi mitatu ya kwanza. Gumba lako likilala, kantri hutaiweza.

La mwisho ni la wazee wangu: eti kantri ilifika Kenya na kaseti za Jim Reeves na Don Williams. Kumbe mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba habari za mtu waliyemjua kwa santuri tu. Jimmie Rodgers walishamgeuza wa kwao, hata jina: Chemirocha.