Kivuli cha Mtaani na Upweke wa Wazee Wakati wa Kaskazi, Tanga

Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mkazi wa Ngamiani hahitaji kipimajoto kujua kwamba mji umechemka: akiegemea ukuta wa tofali za saruji saa mbili usiku, ukuta bado una moto. Lami, saruji na mabati hunyonya joto la jua mchana kutwa na kuliachia polepole usiku, na kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevunyevu mwingi, jasho halikauki upesi na mwili hushindwa kujipoza.

Joto hilo hugusa pia ujirani. Nyumba za Kiswahili zilijengewa baraza kwa ajili ya mazungumzo, lakini baraza lisilo na kivuli halikaliki tangu saa nne asubuhi hadi alasiri. Penye mwarobaini au mkungu mambo ni mengine: yupo muuza kahawa na dele lake, wapo wazee wa bao, na mama anachambua mchele huku akiamkiana na kila apitaye. Mti hukinga jua, na mvuke unaotoka majanini huondoka na sehemu ya joto. Mti huo ukikatwa, tuseme ili kuongeza fremu ya duka, kijiwe aghalabu hakihami bali hufa, na kila mzee hurudi ndani kwenye feni yake, umeme wa LUKU ukiwepo.

Kujifungia huko kuna hatari. Mjini Chicago, Marekani, joto kali la Julai 1995 liliua watu zaidi ya 700 kwa siku chache, wengi wao wazee walioishi peke yao. Na mitaa iliyolingana kwa umaskini haikulingana kwa vifo, kwani palipokuwa na pilikapilika za maduka na wapita njia, mzee alikuwa na pa kwenda na mtu wa kumbishia hodi.

Bustani ya Jamhuri, pale juu ya bandari, inapendeza, ila kwa bibi wa Makorora mwenye magoti mabovu ni safari ya bodaboda. Kwa maoni yangu, miti kumi iliyotawanywa mitaani na kumwagiliwa hadi ishike humfaa zaidi.

Jirani mzee asiyeonekana tangu asubuhi abishiwe hodi. Akikutwa anaweweseka na ngozi ina moto, aloweshwe maji, apepewe, na apelekwe hospitali bila kungoja jua lipungue.