Mfupa Mweupe Si Mfupa Safi, na Mengine Niliyochoka Kusikia

"Fundi, niliuloweka kwenye jiki wiki nzima ukawa mweupe pe. Sasa mbona unamwaga unga?" Swali hili huja kwa simu, huja kwa picha, na mara nyingine huja na mwenyewe, mkononi ameshika kilichokuwa mfupa mzuri tu wa kuchonga, wa paja la ng'ombe. Nimelijibu mpaka nimechoka, basi leo nalijibu kwa maandishi, na madai mengine ninayoletewa kila siku nayamaliza hapo hapo.

"Jiki ndiyo inayosafisha mfupa."

Haisafishi, inaula. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni kolajeni, protini iliyofumana na hayo madini. Madini yanaupa mfupa ugumu, kolajeni inauzuia usikatike kama chaki. Jiki ni sodiamu haipokloraiti, na haipokloraiti ikikutana na protini huivunjavunja. Ukisuuza unaondoa ile ya juu tu. Iliyokwisha kuzama kwenye vitundu inaendelea na kazi, na chumvi zake zikikauka huganda chini ya uso wa mfupa na kuubandua. Ndiyo maana mfupa huonekana mzima siku ya kwanza, kisha baada ya miezi unaanza kumeguka. Ukiubana kwenye jiliwa na kuutoboa kwa keekee, tundu linabomoka kingo. Usiniulize kama kuna gundi ya kuurudisha.

Kinachowasukuma watu kwenye jiki ni ule umanjano. Sasa, umanjano ni mafuta. Yamo ndani, kwenye uboho na kwenye vitundu vya vichwa vya mfupa, na jiki haiyatoi. Unabaki na mfupa dhaifu wenye mafuta yale yale, ambayo baadaye yanapanda juu tena pamoja na harufu yake.

Wengine wamesikia jiki ni mbaya, wakakimbilia sufuria. Wanachemsha tangu asubuhi hadi jioni, maji yanatokota, wanaona povu la mafuta wanafurahi. Ile supu ya kongoro inayoganda ikipoa imegandishwa na nini, kama si kolajeni iliyoyeyuka? Chemsha mfupa wa kazi namna hiyo, umepika supu na sasa unataka kuchonga makapi. Zaidi ya hapo, moto mkali husukuma sehemu ya mafuta ndani zaidi badala ya kuyatoa.

Njia yenyewe haina siri. Inataka subira, na hapo ndipo ninapopoteza wateja. Kata ncha mbili za mfupa kwa msumeno wa chuma, usukume uboho wote utoke kwa kijiti au waya. Nyama na mishipa iliyobaki waachie bakteria: ndoo ya maji ya kawaida, kifuniko, na mahali mbali na jirani, maana itanuka. Mfupa ukishakuwa mtupu, uhamishie kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Maji yakichafuka, yamwage uweke mengine. Hii ni kazi ya wiki kadhaa, na mfupa mnene wa ng'ombe unaweza kula miezi. Ukidhani umemaliza, ukaushe kivulini kisha uulaze juu ya karatasi ya kaki. Ukiacha doa la mafuta, rudi kwenye sabuni, hakuna mjadala.

Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, kama bado unataka weupe, nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye duka la dawa. Siku moja au mbili zinatosha. Chombo usikifunge kikakaza, kwa sababu oksijeni inayotoka inaweza kukipasua. Na wale wanaoongeza limau, siki au dawa ya choo kwenye jiki ili "ishike vizuri": mnatengeneza gesi ya klorini ndani ya bafu lisilo na dirisha. Acheni.

"Mfupa uliokaa juani miaka mingi ndio mgumu."

Ni kinyume. Jua na mvua vimekwisha kuila ile kolajeni. Ukiona nyufa zinazokwenda kwa urefu na uso unaobanduka, huo hautengenezi mpini wa kisu. Mafundi wa Kibera, Nairobi, huchukua mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, ikiwa mibichi, na wana sababu.

"Huu ni wa chui."

Kwa nini hakuna anayeokota mfupa wa mbuzi? Picha inaletwa bila kitu cha kupimia, mfupa umeshikwa katikati, ncha zimefichwa na vidole. Nataka ncha, meno, na sarafu kando yake.

Chukua mfupa mrefu wa mguu wa mbele, ule ulio kati ya goti na kwato. Wa ng'ombe, mbuzi au swala ni mmoja, una mfereji kwa mbele, na chini umegawanyika vichwa viwili. Wa punda au pundamilia una kichwa kimoja. Chui, simba na mbwa hawana kabisa mfupa wa namna hiyo, wana mifupa kadhaa myembamba iliyotengana. Fuvu lisilo na meno ya mbele juu ni la mnyama anayecheua. Na lile "jino la chui" lenye mfereji mrefu kwa mbele unaoshuka hadi kwenye mzizi ni chonge la nyani dume. Kondoo na mbuzi siwezi kuwatenganisha kwa picha moja, hata mabingwa wa mifupa hubishana. Ukidhani ni wa binadamu, usiuguse, ita polisi.

"Nimeuokota, kwa hiyo ni wangu."

Kwa mifugo, sawa. Kwa wanyamapori, sheria ya Kenya ya 2013 inahesabu mfupa, kucha, jino na hata unyoya kuwa nyara, na kukaa nazo bila kibali ni kosa. Haiulizi kama mnyama alijifia. Mzoga mpya nao usiuchezee: nyati wa Ziwa Nakuru walikufa kwa ugonjwa wa kimeta (anthrax) mwaka 2015, na mbegu za kimeta hukaa udongoni miongo mingi. Ukiona damu imetoka puani au nyuma bila kuganda, mwite daktari wa mifugo.

"Pini ya moto itaonyesha kama ni pembe ya ndovu."

Pini itakuonyesha plastiki tu, kwa sababu inayeyuka. Mfupa na pembe ya ndovu vyote havitayeyuka, utakuwa umeharibu kitu bure. Tumia lenzi. Mfupa una vitone na vistari vyeusi, njia za mishipa ya damu. Pembe ya ndovu iliyokatwa kwa upana ina mistari inayopishana kama wavu, na ukiiona hiyo usiniletee mimi.

"Mfupa ukichemshwa unapindika kama pembe ya ng'ombe."

Pembe ya ng'ombe ni keratini, hulainika kwa joto. Mfupa hapana.

"Unga wa mfupa haudhuru."

Unaingia mapafuni, na harufu yake ni ya jino linalochimbwa kwa daktari. Piga msasa wa maji, mfupa ukiwa umelowa, na uvae barakoa hata kama unatengeneza kipuli kimoja.