"Nje Kuna Maradhi": Dhana za Siku za Kafyu Ambazo Bado Zinawaweka Watu Vitini

Wiki iliyopita nililetewa bi mkubwa wa miaka 71 kutoka Mji wa Kale, magoti yamemkaza. Nilimkalisha kwenye kiti kisicho na mikono, nikamwambia akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kukaa mara nyingi kadiri awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa umri wake tunatarajia afikishe angalau mara 10. Yeye aliinuka mara 4, na hiyo ya nne alinishika bega.

Nikamwuliza huwa anatembea wapi. Akasema zamani, kila baada ya sala ya alfajiri, alikuwa akienda na shoga yake hadi bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, wanakaa wanatazama meli zikiingia, halafu wanarudi kunywa chai. Na sasa?

"Sasa sitoki, mwanangu. Tangu Korona nimekoma. Nje kuna maradhi."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mombasa, na neno hilo nimelisikia mpaka limenichosha. Nalisikia kwa wazee, kwa wenye sukari na presha, kwa kina mama waliojifungua, hata kwa kijana aliyekuwa akicheza mpira. Mwaka 2024, mpox, ule ugonjwa wa vipele, ilipogunduliwa kule mpakani Taveta, simu zilianza upya: "Daktari, tuache tena kutembea?" Mpox huambukiza hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mgonjwa. Kutembea peke yako barabarani hakukuletei mpox.

Dhana: ugonjwa uko nje, usalama uko ndani

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Turudi kwanza kwenye kanuni zenyewe. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona Machi 13, 2020. Machi 27 kafyu ikaanza, yaani amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kilifi na Kwale zilifunguliwa mapema Juni, Mombasa Julai 7. Mwezi Mei Mji wa Kale ukafungwa kivyake, katikati ya Ramadhani. Ukikutwa hadharani bila barakoa, faini ilikuwa hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6.

Lengo la kufunga kaunti lilikuwa watu wasikibebe kirusi kutoka mji hadi mji. Lengo la kafyu lilikuwa kupunguza mikusanyiko ya jioni. Kutembea mchana, peke yako, ndani ya kaunti yako, ukiwa na barakoa, hakukukatazwa. Lakini redio zilisema "kaa nyumbani" asubuhi na jioni kwa miezi, na watu wakayapokea maneno hayo kama habari kuhusu hewa yenyewe: kwamba hewa ya barabarani imeoza na ya sebuleni ni safi.

Siwalaumu walioogopa. Siku kafyu ilipoanza, abiria waliojazana Likoni wakisubiri feri walipigwa virungu na kurushiwa gesi ya kutoa machozi, wakabanana zaidi kuliko walivyokuwa. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi, kafyu ikitekelezwa, akafa. Mzazi aliyesikia hayo akafunga mlango alikuwa na sababu. Ila kilichotisha nje siku zile hakikuwa hewa.

Kirusi cha Korona husafiri katika pumzi. Kila mtu akipumua, akizungumza au akiimba, hutoa matone madogo sana yanayoelea. Wanawake wa hapa Pwani hawahitaji darasa la fizikia kuelewa hili, kwa sababu wanafukiza udi. Fukiza udi chumbani ukiwa umefunga madirisha: saa moja baadaye bado umetanda, umeingia mpaka kwenye mapazia. Fukiza udi uleule barazani upepo ukivuma: aliye hatua tano kutoka kwako huenda asiusikie kabisa. Pumzi ya mgonjwa ni hivyo hivyo.

Tulichelewa kuambiwa hili. Machi 28, 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe liliandika kwamba Korona haisambai kwa hewa, na ilichukua muda mrefu kulirekebisha neno hilo. Ndiyo maana kila duka liliweka ndoo na sabuni mlangoni, jambo jema, lakini hakuna aliyemwambia mwenye duka afungue dirisha.

Ushahidi wa mapema ulikuwepo. Watafiti wa China walipitia zaidi ya wagonjwa 7,000 wa miezi ya mwanzo, wakitafuta kila mmoja aliambukizwa wapi. Tukio la maambukizi ya nje walilopata ni moja tu, la watu wawili waliosimama wakizungumza kijijini. Mengine yote yalikuwa ndani: majumbani, kwenye magari, mikahawani.

Kisa kingine nawaeleza wagonjwa wangu kila mara, kwa kuwa kinahusu mazoezi. Cheonan, Korea Kusini, Februari 2020, walimu wa dansi ya mazoezi waliambukizwa kwenye semina yao wakarudi kufundisha bila kujua. Madarasa yalikuwa vyumba vidogo vya kama mita 60 za mraba, wanafunzi 5 hadi 22, dakika 50 za kuruka na kuhema. Mpaka hesabu inafungwa, wagonjwa 112 walihusishwa na madarasa hayo, pamoja na jamaa zao. Mmoja wa walimu hao hao alikuwa akifundisha pia yoga na pilates kwa wanafunzi 7 au 8, mazoezi ya polepole yasiyo ya kuhema. Hakuna mwanafunzi wake hata mmoja wa madarasa hayo aliyeugua. Angalieni mambo mawili hapo: chumba, na kuhema. Ukiondoa chumba, ukamweka mtu huyo anayehema ufukweni saa 12 asubuhi peke yake, unabaki na nini cha kuogopa?

Nikamwuliza bi mkubwa nyumbani kwake wamo wangapi. Tisa. Madirisha? Yanafungwa kwa sababu ya vumbi na mbu, na televisheni ikiwaka wote wako chumba kimoja. Mwaka 2021 mwanawe alirudi kutoka kazini na homa, wakaugua watano. Yeye mwenyewe hakuwa ametoka mlangoni kwa majuma. Maradhi yalimfuata kitini kwake, na bado anayasema yako nje.

Kuna wanaoniambia, "Lakini kule ng'ambo walikataza kabisa watu kukimbia." Baadhi, ndiyo. Afrika Kusini ilikataza hata kukimbia peke yako tangu Machi 27, 2020. Mei 1 ikaruhusu, saa 12 hadi saa 3 asubuhi tu, si zaidi ya kilomita 5 kutoka nyumbani. Uganda, Rais Museveni alipiga marufuku mazoezi ya nje mwezi Aprili, kisha akatoa video akikimbia pekupeku na kupiga pushapu ofisini mwake ili watu wamwige majumbani. Uingereza, tangu siku ya kwanza ya amri yake, iliruhusu kutoka mara moja kwa siku kufanya mazoezi. Ng'ambo ya mpaka wetu wa Lungalunga, Tanzania haikufunga watu ndani. Kirusi kilikuwa kilekile kote. Serikali zilikuwa zikifikiria namna ya kusimamia watu wengi kwa askari wachache, na kukataza wote ni rahisi kusimamia. Hiyo ni hoja ya utawala. Haikuwa kipimo cha hewa, na haistahili kuongoza maisha yako miaka hii yote baadaye.

Hasara yake mimi naiona kwa macho. Wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Siku 10! Kitini si kitandani, lakini miaka pia si siku 10. Na kwa anayeogopa Korona yenyewe: utafiti wa California wa wagonjwa 48,440, uliochapishwa 2021, ulionyesha kwamba wasiofanya mazoezi walikuwa na uwezekano wa kulazwa hospitali zaidi ya mara mbili ya wale waliokuwa wakifikisha dakika 150 kwa wiki. Yaani woga ule uliwanyang'anya watu kinga waliyokuwa nayo miguuni.

Ushauri wangu kwa aliyeacha ni uleule kila siku, na wanaonifahamu wanaukariri. Anza na kiti. Kiti cha jikoni, kiegemeze ukutani kisiteleze, inuka na ukae mara 5 kabla ya chai ya asubuhi na mara 5 kabla ya kulala. Ukishindwa bila mikono, shika meza, juma lijalo shika kwa mkono mmoja. Kisha toka mlangoni. Dakika 10 jua halijakali, kwa viatu vilivyofungwa nyuma. Kandambili zimenivunjia wagonjwa wengi. Dakika 10 zikizoeleka, ongeza 5.

Dhana: barakoa hukata oksijeni

Haikati. Chembe za oksijeni ni ndogo mno, zinapita kwenye kitambaa bila shida, na madaktari wa upasuaji hufanya kazi saa nyingi wamevaa barakoa wakiwa timamu. Lililo kweli ni kwamba ukikimbia, jasho huilowesha ikakubana pumzi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 isivaliwe wakati wa mazoezi makali, na badala yake watu waachiane nafasi. Ivae kwenye matatu, unapoketi bega kwa bega na mtu usiyemjua. Huko ndiko wengi waliivulia.

Dhana: mkimbiaji akikupita anakuachia wingu la virusi mita 10

Picha ile ilizunguka WhatsApp mwezi Aprili 2020. Ilitoka kwa wahandisi wa Ubelgiji na Uholanzi waliopima kwa kompyuta jinsi matone yanavyosafiri nyuma ya mtu anayekimbia. Walipima mwendo wa matone. Hawakupima nani anaugua, na kazi yao ilisambaa kabla wataalamu wengine hawajaikagua. Mtu anayekupita kwa sekunde mbili penye upepo si hatari ya kukufanya uvuke barabara yenye magari, jambo ambalo nimeona watu wakilifanya.

Dhana: joto la Mombasa na upepo wa bahari huua Korona

Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuathirika, na joto letu lote. Upepo hauui kirusi, unakitawanya. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu aliyeamini upepo unaua alikwenda kujazana kwenye hema la harusi lililofungwa pande zote, akasema "si tuko karibu na bahari."

Dhana: ukipimwa joto mlangoni, waliomo ndani ni wazima

Mwenye Korona huanza kuambukiza kabla homa haijapanda, na wengine homa hawaipati kamwe. Kile kipimajoto cha paji la uso kilikamata wachache na kuwapa waliobaki imani wasiyostahili. Kunyunyizia barabara dawa ndiyo sitaki hata kuizungumza kwa urefu: haikufaa kitu, na kuwanyunyizia watu wenyewe kulikatazwa waziwazi na Shirika la Afya Duniani kwa kuwa kunadhuru macho na ngozi.

Dhana: kilichofanya safari iwe salama ni idadi ya abiria

Machi 2020 matatu ya viti 14 iliamriwa kubeba watu 8, na Agosti 2021 ikaruhusiwa kujaza tena. Kupunguza abiria kulisaidia, lakini watu 8 madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya manyunyu, muziki ukiwa juu na kila mtu anapaza sauti kwenye simu, bado ni chumba cha Cheonan chenye magurudumu. Dirisha lililo wazi upana wa kiganja, upande huu na ule, ndilo linalobadilisha hewa. Makanga akikataa, mwombe tena kwa upole. Mimi huomba, na mara nyingi wanakubali.

Safari ndefu ina hatari nyingine ambayo hakuna anayeniuliza. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na kukaa saa 8 au 9 magoti yamekunjwa hufanya damu ituame miguuni, ikaweza kuganda, hasa kwa mzee, mjamzito, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Bi mkubwa wangu ana harusi ya mjukuu Nairobi mwezi ujao. Nimemwambia achague basi lenye madirisha ya kufunguka, akae dirishani, kila nusu saa akanyage chini kwa vidole na visigino mara 20, na likisimama Mtito Andei asiletewe chai kitini. Ashuke aifuate mwenyewe.